Dogo wa Isongole, ng'ombe usiuze kwanza!

Wiki hii habari za mavazi na mapenzi tunaziweka kando kidogo, maana kuna dogo wa Isongole ameniletea swali ambalo nimeona nisilijibu chemba. Wenye swali kama lake ni wengi, na wengine wao wameshalia.

Isongole, kwa nyie ambao safari yenu ndefu iliishia Chalinze, ni ile sehemu ya barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu ambako basi likifika abiria wanafunga madirisha bila kuambiwa. Baridi, ukungu, na viazi vimepangwa kando ya lami, vingine kwenye ndoo, vingine kwenye magunia ya lumbesa. Huku kuna Ziwa Ngozi limejificha ndani ya mlima kama chai ndani ya kikombe, kule umesimama Mlima Rungwe. Kutoka hapo kwenda Kiwira ni kuteremka tu. Kurudi ndiyo shughuli.

Dogo wetu kazi yake ni kubeba viazi kwa Phoenix kutoka shambani hadi barabarani. Akimaliza, badala ya kwenda kijiweni, anateremka Kiwira na kuupanda ule mlima wote bila kushuka kwenye tandiko, huku malori ya Malawi yakimpulizia moshi usoni. Washikaji zake wamempa jina, "Girmay". Ana miaka 20.

Sasa kuna jamaa amempata kwa simu, anajiita wakala. Eti kuna timu ya Ubelgiji inataka vijana wa milimani, dirisha la usajili linakaribia kufungwa, zinatakiwa tu shilingi milioni 2 za "kufungulia faili". Nyumbani yupo ng'ombe mmoja wa maziwa. Mama mtu alikuwa mkali mwanzoni, lakini ameanza kulainika. Dogo ananiuliza: "Braza, tuuze?"

Dogo, msiuze. Ngoja nikueleze usajili wa baiskeli unavyokwenda, maana huyo jamaa anakuuzia habari za mpira.

Kwenye mpira, Simba ikimtaka mchezaji mwenye mkataba na Yanga, klabu na klabu zinakaa mezani na pesa inapita. Baiskeli sivyo. Mpanda baiskeli kwa kawaida hauzwi. Anasubiri mkataba uishe, anapeana mkono na timu nyingine, na kuanzia tarehe 1 Agosti timu zinaruhusiwa kutangaza nani anakwenda wapi msimu ujao. Wapo wachache walionunuliwa mkataba ukiwa haujaisha, kama Bradley Wiggins alipohamia Sky mwishoni mwa 2009, lakini hao ni wakubwa waliokwishajulikana. Wakala wa kweli anatambuliwa na shirikisho la dunia la baiskeli, UCI, na chake anakikata kwenye mshahara wako ukishasaini. Anayetaka chake kabla wewe hujapata chako, huyo anajiwakilisha mwenyewe.

Halafu hakuna timu inayomwita mtu kwa sababu imesikia ana mapafu. Inataka kuona jina lake kwenye matokeo ya mbio.

Mwangalie huyo Girmay mwenyewe, uliyepewa jina lake. Biniam Girmay alizaliwa Asmara, Eritrea, mwaka 2000, nchi ambayo baiskeli ni kama mpira kwetu: mitaa inafungwa kwa ajili ya mbio na wazee wanabishana kahawani nani ana miguu. Mwaka 2018, akiwa bado kwenye daraja la vijana, alimshinda Remco Evenepoel kwenye hatua moja ya mbio za Ubelgiji. Akapitia kituo cha mafunzo cha UCI kilichopo Aigle, Uswisi. Akashinda hatua kwenye mbio za Gabon, zile za Amissa Bongo. Timu ya Ufaransa iliyoitwa Delko ilimchukua mwaka 2020 baada ya kuyaona hayo yote kwenye karatasi, na sijasikia popote kwamba Asmara kuna ng'ombe aliyeuzwa ili faili lifunguliwe.

Na hata hapo mambo hayakunyooka. Delko ikapigwa na ukata, na Agosti 2021 kijana akahamia Intermarché ya Ubelgiji katikati ya msimu. Delko yenyewe haikuuona mwaka uliofuata. Machi 2022 akashinda Gent–Wevelgem, Mwafrika wa kwanza kushinda moja ya zile mbio kubwa za siku moja za kule. Miezi miwili baadaye akashinda hatua ya Giro d'Italia, na pale jukwaani kizibo cha chupa ya mvinyo kikamruka kikampiga jichoni, safari ikaishia hapo! Mwaka 2024 akaja Tour de France, akachukua hatua 3 na jezi ya kijani. Hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kushinda hata hatua moja pale kabla yake.

Utasema huyo sasa ameula, hana wasiwasi tena. Msimu wa 2025 ulipoisha, Intermarché ikaungana na Lotto, timu mbili zikawa moja, na nafasi zikapungua. Mwenye jezi ya kijani akafungasha mizigo tena, akaenda NSN, ambayo mwaka mmoja nyuma ilikuwa na jina jingine kabisa.

Hapo ndipo penye utata wa mchezo huu, na vijana wengi hawaujui. Barabarani hakuna kiingilio. Timu haina uwanja wa kuuzia tiketi, ina mdhamini, na ndiyo maana majina ya timu ni majina ya makampuni, maduka na benki. Mdhamini akichoka, timu inakufa, hata kama wapandaji walikuwa wanashinda. Mwaka 2015 timu ya MTN-Qhubeka ya Afrika Kusini iliingia Tour de France, ya kwanza iliyosajiliwa Afrika, na Mweritrea Daniel Teklehaimanot akavaa jezi ya madoadoa ya mfalme wa milima. Wengi tulidhani mlango umefunguka. Timu ikabadili jina mara nne kufuata wadhamini, na mwisho wa 2021 ikafunga virago.

Sasa sikia habari ya Joseph Areruya wa Rwanda, maana ndiye aliye karibu na wewe zaidi. Mwaka 2017 alishinda Tour du Rwanda, na mwaka huohuo akashinda hatua ya Giro ya vijana kule Italia. Mwaka 2018 akachukua ile ya Gabon. Delko wakamsajili kwa 2019, wakampeleka hadi Paris–Roubaix, ile mbio ya kupita juu ya mawe ambayo hata wazawa wanaikimbia. Msimu uliofuata alikuwa amerudi timu ya nyumbani. Miguu ni ileile iliyowashinda Wazungu kwenye vilima vya Kigali. Ila kule unakaa ndani ya kundi la watu 150, bega kwa bega, kwenye upepo na barabara nyembamba, wote wakigombea kona moja. Wenzako wamelianza hilo wakiwa na miaka 10. Anayejifunzia mlimani peke yake anafika akiwa na mapafu ya simba na woga wa mtu anayeingia Kariakoo mara ya kwanza.

Na Chris Froome je? Najua utamtaja, maana alizaliwa Nairobi, akafundishwa na David Kinjah pale Kikuyu, na mwaka 2006 alitumia barua pepe ya chama cha baiskeli cha Kenya kujiandikisha mwenyewe kwenye mashindano ya dunia. Ujanja wa mjini huo! Alisumbuliwa na kichocho, na mwaka 2011 mkataba wake Sky ulikuwa ukingoni ndipo akang'ara kwenye mbio za Hispania. Baadaye akashinda Tour de France mara 4. Lakini Froome alikuwa na haki ya pasipoti ya Uingereza kupitia wazazi. Pasipoti haifanyi pedeli iwe nyepesi, inafanya foleni ya ubalozini iwe fupi. Mwalimu wake Kinjah alibaki Kikuyu, akiendelea kuwafundisha watoto wa pale.

Mshahara? Timu za daraja la juu kabisa ziko 18, na hapo kima cha chini kimepita euro 40,000 kwa mwaka, mgeni akianzia juu kidogo ya 30,000 na mkataba wa walau miaka miwili. Chini yake lipo daraja la pili. La tatu, ambako karibu kila kijana wa kwetu angeanzia, halina kima cha chini kilichowekwa na UCI. Wapo wanaopewa baiskeli, jezi, chakula na pole. Kwa hiyo hata hadithi ya jamaa ingekuwa kweli, mngeuza ng'ombe ili ukafanye kazi ya kubeba chupa za maji za mwenzako bila uhakika wa mshahara.

Sisemi uache, dogo. Daraja la chini ya miaka 23 linachukua wenye umri wa miaka 19 hadi 22, kwa hiyo una msimu huu na mingine miwili kama huchelewi. Tafuta leseni kupitia chama cha baiskeli cha taifa. Waliko wapanda baiskeli wa nchi hii ni Arusha na Usukumani, Mwanza na Shinyanga, kule baiskeli ina heshima yake. Nenda ukashindane nao ukae ndani ya kundi, ujifunze kusukumana. Nauli ya basi hailingani na ng'ombe, lumbesa chache zinatosha. Azima baiskeli ya mashindano. Sheria inataka isipungue kilo 6.8, na wewe Phoenix yako peke yake ni mzigo kabla hujaweka viazi.

Ukipata matokeo, tazama Kigali kabla ya Ubelgiji. Tour du Rwanda inakuja kila mwaka na makocha wa Ulaya wanakuwepo barabarani na madaftari yao. Septemba 2025 mashindano ya dunia yalifanyika palepale, ya kwanza Afrika, Tadej Pogačar akashinda, na kati ya wanaume zaidi ya 160 walioanza ile mbio kuu, waliomaliza walikuwa 30 tu. Vilima viliwatoa jasho mabingwa, na wewe vilima unavijua.

Huyo jamaa akipiga tena, mwombe jina kamili la timu, na jina lake lilivyoandikwa kwenye orodha ya mawakala wa UCI. Mama naye akae pembeni asikie jibu. Akianza kukohoa, kata simu.

Msalimie mama, mwambie ndaga fijo kwa kusita kuuza. Wiki ijayo nina barua ya dada mmoja wa Sinza ambaye mchumba wake amehamia kwa mama mkwe na televisheni yake. Msikose.