Klarineti ya Kale Itajwe na Mti Wake

Royal Birmingham Conservatoire, chuo cha muziki kilichoanzishwa mwaka 1886 mjini Birmingham, kina hazina ya ala za kihistoria. Kwa wanaotunza hazina za aina hiyo, klarineti ni kazi ngumu, kwani ukoo wake ni mkubwa na baadhi ya ndugu wameshapotea.

Wengi huanza kwa kuhesabu vibonyezo. Klarineti za fundi Denner wa Nuremberg, za mwaka 1700 hivi, zilikuwa na viwili. Za zama za Mozart mara nyingi vitano. Mpiga klarineti Iwan Müller akafikisha 13 mwaka 1812. Mfumo wa vibonyezo uliosajiliwa Paris mwaka 1844 ndio ulioenea zaidi leo. Mendelssohn alipoongoza onyesho la kwanza la oratorio yake Elijah katika Town Hall ya Birmingham, Agosti 26, 1846, mfumo huo ulikuwa na miaka miwili tu, hivyo anayedai kwamba klarineti ya aina hiyo ilipigwa siku ile lazima alete ushahidi mzito. Hata hivyo hesabu hudanganya: mafundi walikuwa wakiongeza vibonyezo kwenye ala kuukuu.

Baadhi ya ndugu hutambuliwa kwa karatasi tu. Mwaka 1791 Mozart alimwandikia mpiga klarineti Anton Stadler konseto kwa klarineti ndefu, iliyoshuka chini kuliko za kawaida. Ala ya Stadler ilipotea, na muswada wa konseto pia. Umbo la ala hiyo lilijulikana miaka ya 1990, baada ya kupatikana programu ya tamasha la Riga la mwaka 1794 yenye mchoro wake. Kabla ya hapo, waliojaribu kuiunda upya walilazimika kukisia.

Nzumari ya pwani ya Afrika Mashariki haimo ukooni: ina tete mbili na tundu lake linapanuka, ilhali klarineti ina utete mmoja na tundu lililonyooka.

Mti nao ni ushahidi, na hapo Waswahili wana neno la kusema. Klarineti za zamani zilichongwa kwa boksi, mti wa manjano. Baadaye zikaja kokasi ya visiwa vya Karibi, na mpingo. Si kila nyeusi ni mpingo, kwani nyingine ni eboniti, mpira uliofanywa mgumu kwa salfa na joto. Inafaa mti upimwe, usikisiwe kwa macho.

Kibandiko chenye jina la fundi wa London au Paris pekee hakitoshi, kwani mti nao una kwao. Mpingo huchukua miaka 70 au zaidi kukomaa, na huko Kilwa wanavijiji wanaulinda wenyewe. Mwaka 2009 misitu yao ilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora. Makumbusho ya Birmingham na kwingineko yakishathibitisha mti huo, yaandike neno mpingo kwa herufi zinazosomeka na kutaja unakoota: Tanzania, Msumbiji na nchi jirani.