Kombe la Kwidichi Lije Masaka

Mwaka 2018 Uganda ilikuwa imepata nafasi katika Kombe la Dunia la kwidichi mjini Florence, Italia. Timu haikuondoka, kwa sababu wachezaji walinyimwa viza. Mashindano yakaendelea bila wao. Timu 29 zilikutana, Marekani ikaifunga Ubelgiji pointi 120 kwa 70 katika fainali, kombe likabebwa, na Waganda wakabaki kwao.

Tunajua kwamba msomaji anayelisikia jina la mchezo huu kwa mara ya kwanza atatabasamu. Umetoka kwenye hadithi za Harry Potter, ambako watoto wa kichawi huucheza angani wakiwa juu ya fagio. Hapa duniani unachezwa kwa miguu, na kila mchezaji anakimbia na kijiti katikati ya mapaja. Atakayecheka na acheke, lakini asome hadi mwisho, kwa sababu waliofungiwa mlango ni vijana wetu, na huu haukuwa mlango wa kwanza kufungwa.

Mchezo wenyewe uko hivi. Mwaka 2005 wanafunzi wa chuo cha Middlebury, katika jimbo la Vermont huko Marekani, waliutoa kitabuni wakaushusha uwanjani. Ufagio wa kuruka ukawa kipande cha bomba la plastiki chenye urefu wa karibu mita moja. Kila upande wa uwanja husimamishwa pete tatu, ya chini ikimfikia mtu mzima kiunoni hivi na ya juu ikimzidi wengi kimo. Mpira wa kufungia ni wa voliboli uliopunguzwa upepo kidogo ili ushikike kwa mkono mmoja, kwa kuwa mkono wa pili una kazi ya kushika kijiti. Kila bao ni pointi 10. Kuna mipira mingine mitatu ya kurushiana, mfano wa ile ya rede, na ukipigwa na mmojawapo huna ujanja: unashuka kwenye ufagio wako, unakimbia hadi kwenye pete za timu yako, unazigusa, ndipo unarudi mchezoni.

Halafu kuna ile soksi. Katika kitabu, kitu kinachosakwa ni kimpira cha dhahabu chenye mabawa. Uwanjani ni mpira wa tenisi uliotumbukizwa ndani ya soksi ndefu, nayo soksi ikabandikwa nyuma ya kaptula ya mtu aliyevaa njano. Mtu huyu hana timu. Kazi yake ni kutonyakuliwa soksi. Anakwepa, anasukuma, anageuka ghafla, anamwangusha anayemsaka, na aliyeangushwa anainuka na kuanza upya. Ukimtazama kwa dakika tatu utaona ana mbinu za mcheza mieleka na za mtoto anayekimbizwa uani. Kitabuni, kukikamata kimpira hicho ni pointi 150, kiasi kwamba jasho la wengine wote linaweza kuwa bure. Waliotunga kanuni za uwanjani waliliona kosa hilo wakazishusha hadi 30. Hapo ndipo hadithi ilipogeuka mchezo wa kweli, unaohitaji timu nzima.

Jambo jingine linalotuvutia ni kwamba wanaume na wanawake hucheza pamoja, katika timu moja, mechi moja. Kanuni zinaweka kikomo cha wachezaji wa jinsia moja wanaoweza kuwa uwanjani kwa wakati mmoja, hivyo hakuna kocha anayeweza kuwajaza wavulana na kuwaweka wasichana benchi. Aliyewahi kufundisha shule ya msingi yenye kiwanja kimoja na mpira mmoja anaelewa uzito wa kanuni hiyo. Kengele ya michezo ikilia, mpira huenda kwa wavulana wakubwa. Wasichana hupata pembe iliyobaki, kama imebaki.

Mwaka 2013 mchezo huu uliletwa Katwadde, kijiji cha upande wa Masaka, kusini mwa Uganda, na mwalimu aliyeamini kwamba watoto wake wataupenda. Waliupenda. Mahali pa mabomba ya plastiki waliweka vijiti vya miti. Tangu pale ukasambaa, vijana wakakua nao, hadi Uganda ikaunda timu ya taifa. Timu hiyo haikujengwa na wizara wala mfadhili mkubwa. Ilianzia kwenye nyasi za shule.

Wanaosema mchezo wa kubuni si mchezo wa kweli tunawauliza: upi haukubuniwa? Mwaka 1891, mjini Springfield huko Marekani, mwalimu James Naismith alitundika vikapu viwili vya matunda ukumbini ili wanafunzi wake wapate la kufanya wakati wa baridi. Hivyo ndivyo mpira wa kikapu ulivyozaliwa, na ndani yake ukatoka mpira wa pete, huu ambao dada zetu wanaucheza kutoka Kigoma hadi Kisumu. Hakuna leo anayewacheka She Cranes, timu ya taifa ya mpira wa pete ya Uganda, kwa kucheza mchezo uliotoka kwenye kikapu cha matunda. Mwaka 2023 walimaliza wa tano katika Kombe la Dunia mjini Cape Town.

Turudi kwenye viza, maana hapo ndipo penye kidonda.

Kijana wa kijijini anayetaka kwenda Ulaya kucheza kwa wiki moja anaomba viza ya Schengen. Mwaka 2018 ada yake ilikuwa euro 60, na hairudishwi hata akikataliwa. Anatakiwa awe na bima ya safari ya angalau euro 30,000, taarifa za benki za miezi kadhaa, nafasi ya ndege ya kwenda na kurudi, na uthibitisho kwamba nyumbani ana kitu cha kumrudisha: ajira, mali, familia. Mwanafunzi hana ajira. Mkulima wa kahawa hapitishi fedha zake benki kila mwezi. Akinyimwa, hupewa fomu yenye orodha ya sababu zilizochapwa tayari, na ofisa huweka alama ya vema kwenye kisanduku. Kimojawapo kinasema kwamba nia yako ya kuondoka kabla muda wa viza haujakwisha haikuweza kuthibitishwa. Soma tena maneno hayo. Mtu hakufanya kosa lolote. Amenyimwa kwa jambo ambalo bado hajalitenda, na hana namna ya kuonyesha kwamba hatalitenda.

Hatutajifanya hatujui hofu hiyo imetoka wapi. Wachezaji wawili wa raga wa Uganda waliokwenda Glasgow kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 2014 hawakurudi na wenzao. Mwaka 2021 mnyanyua uzani wa Uganda alitoroka kambini Japani siku chache kabla ya Olimpiki. Nchi ina haki ya kulinda mpaka wake, na wanaotoroka wanawaharibia wanaobaki nyuma. Hata hivyo, tazama nani analipa deni hilo. Raga ina shirikisho lenye nguvu, Olimpiki ina kamati ya taifa, ina mabalozi na mawaziri wa kuisemea, na baada ya visa vyote hivyo timu hizo bado zinasafiri. Kwidichi haina wa kuisemea. Kijana wa Katwadde anahukumiwa kwa kosa la mtu asiyemjua, katika mchezo asiowahi kuucheza.

Yaliwahi kutokea kabla. Mwaka 2011 timu ya watoto ya besiboli kutoka Uganda ilishinda mashindano ya kanda ya Mashariki ya Kati na Afrika, ikastahili kwenda Williamsport, Pennsylvania, kwenye fainali za dunia za Little League. Marekani iliwanyima viza kwa sababu ya kasoro katika hati za umri na kuzaliwa. Nafasi yao ikachukuliwa na timu ya Saudi Arabia waliyokuwa wameishinda. Watoto wa Langley, mji mdogo wa Kanada, ndio waliokuwa wamepangiwa kufungua dimba na Waganda, na jambo hilo halikuwatoka moyoni. Januari 2012 timu hiyo ilipanda ndege ikaja Uganda, na mechi iliyozuiwa Pennsylvania ikachezwa kwenye ardhi ya Uganda. Agosti mwaka huohuo timu ya Lugazi ilifika Williamsport, hati zikiwa sawa, ikawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza huko.

Katika kisa hicho kuna mambo mawili ya kufanyia kazi. La kwanza ni la kwetu: hati. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa anashindwa kabla filimbi haijapulizwa, na kwa hilo hakuna balozi wa kigeni wa kulaumiwa. Timu isiyo na barua ya baraza la michezo la nchi yake, wala ofisa anayeandika kwa ubalozi miezi sita kabla, inaonekana kuwa kundi la vijana ishirini wanaotaka kusafiri. Baraza la Taifa la Michezo la Uganda halihitaji fedha nyingi kuwasaidia. Barua yenye muhuri, orodha ya majina, na mtu wa kujibu simu ubalozi ukipiga vingetosha kuanzia. Tunasema hivyo kwa Nairobi, Dodoma na Kigali pia, kwa kila mchezo mdogo unaojikongoja bila msemaji.

La pili ni la wenye mchezo huu wa kwidichi. Tangu mwaka 2022 wameubadilisha jina ukawa kwadiboli, kwa sababu jina la kwanza ni mali ya kampuni ya filamu, na kwa sababu hawakutaka tena kufungamanishwa na misimamo ya mwandishi J.K. Rowling kuhusu watu waliobadili jinsia. Walisema wanataka mchezo ulio wazi kwa kila mtu. Vema. Basi hesabuni mahali kombe lilipochezwa: Oxford 2012, Burnaby nchini Kanada 2014, Frankfurt 2016, Florence 2018, Richmond jimboni Virginia 2023, Ubelgiji 2025. Mara sita, na mara zote sita Ulaya au Amerika ya Kaskazini. Ni kweli kwamba walianza na timu tano tu kule Oxford, na wenye timu ndio waliokuwa wenyeji. Sababu hiyo ilitosha 2012. Haitoshi kwa chama kinachojiita cha kimataifa na kuandikisha timu za mabara yote. Mji usioweza kuleta ahadi ya maandishi ya serikali yake kwamba timu zilizofuzu zitashughulikiwa viza zao mapema haufai kupewa mashindano. FIFA hudai dhamana kama hiyo kwa nchi zinazoomba Kombe la Dunia la soka. Mchezo mdogo hauna ubavu wa FIFA, lakini kuuliza swali hilo kabla ya kuchagua mwenyeji hakuhitaji ubavu.

Lililo bora zaidi ni wao kuja huku. Agosti 2025 michuano ya soka ya Afrika ya CHAN ilichezwa Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Zanzibar, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema Afrika Mashariki haijui kupokea wageni wa michezo. Kwidichi haidai uwanja wa watazamaji 60,000. Inadai nyasi, pete sita, mipira na mabomba ya plastiki ambayo fundi bomba yeyote wa Masaka anaweza kuyakata asubuhi moja. Vijana wa Ulaya na Marekani wana pasipoti zinazofungua milango mingi. Viza ya kuingia Uganda wanaipata bila kuulizwa kama wana shamba la kuwarudisha kwao.

Na kabla hawajaja, tusiwasubiri. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanavuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa tu, na Mtanzania akiwa na hati ya kusafiria ya muda naye hahitaji viza. Timu ya shule kutoka Busia au Kigali inaweza kupanda basi Ijumaa, ikacheza Masaka Jumamosi, na Jumatatu wanafunzi wakawa darasani. Walimu wa michezo wanaosoma safu hii wanaweza kuanza na mpira wa zamani wa voliboli na soksi moja.

Kwa Chama cha Kimataifa cha Kwadiboli tuna ombi moja. Mtakapokaa kuchagua mwenyeji ajaye, iwekeni Uganda mezani. Na kama hilo ni zito kwa sasa, tumeni timu moja, hata ya chuo, ije Katwadde kucheza mechi ambayo Florence haikuipata.