Ukinunua Nguzo, Nguzo Si Yako



Tukianza kuzungumzia umeme wa Tanzania huwa tunakwenda kwenye makubwa: Bwawa la Julius Nyerere na megawati zake 2,115, gridi ya taifa, mgawo, IPTL, Richmond. Ni haki yetu kuyasema, maana fedha zilizopotea huko ni za walalahoi. Lakini leo naomba tushuke hadi mtaani, kwenye waya unaotoka nguzo ya mwisho na kuingia nyumbani kwa mwananchi. Megawati hazina faida kwa mtu ambaye waya huo haujamfikia.

Tuanze na bei. Kijijini mteja hulipa shilingi 27,000. Kwa muda, hadi mwisho wa 2021, serikali iliagiza bei hiyo itumike hata mijini, wananchi wakafurahi, maombi yakarundikana. Januari 2022 bei ya mjini ikarudishwa kuwa shilingi 320,960 kwa nyumba iliyo ndani ya mita 30 isiyohitaji nguzo. Ikihitajika nguzo moja ni 515,618. Nguzo mbili, karibu 697,000. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba 27,000 hairudishi gharama. Sipingi hesabu hiyo. Waya, mita, nguzo, gari na mafundi vyote vina bei, na shirika lisilorudisha gharama mwisho wake tunaujua.

Ninachopinga ni namna mzigo wa nguzo unavyogawanywa. Jamaa amejenga pembezoni mwa jiji, mahali ambapo kwenye karatasi ni mjini lakini barabara yenyewe ni ya kukisia. Yeye ndiye wa kwanza. Analipia nguzo mbili. Mwaka unaofuata jirani anajenga mbele yake, anajikuta ndani ya mita 30 za nguzo ile ile, analipa 320,960 tu. Wa tatu vile vile. Nguzo ni mali ya shirika tangu siku iliposimikwa, na yule wa kwanza harudishiwi hata senti. Matokeo yake kila mtu mtaani anamsubiri mwenzake atangulie. Huu ni uchumi gani, wa kumwadhibu anayefungua njia?

Kuna wenzetu watasema, "Mbona huku Uingereza nako tunalipia?" Ni kweli, hakuna cha bure. Ukijenga nyumba mpya unalipia kuunganishwa, na waya hadi kwenye fyuzi kuu ni mali ya kampuni ya usambazaji. Lakini huku iko kanuni ambayo wengi wetu hatuitaji. Kwa kanuni za gharama za kuunganisha umeme za 2002, na sasa za 2017, mtu wa pili akija kutumia njia iliyolipiwa na wa kwanza, anachangia, na mchango huo unamrudia aliyetangulia. Kanuni za 2002 ziliweka muda wa miaka 5. Zile za 2017 zikaufanya 10. Ina masharti yake, lakini msingi wake mtoto wa darasa la saba anauelewa. TANESCO ina kumbukumbu za kila mteja na kila nguzo. Kinachozuia kumrudishia mtu fedha yake kama yuniti za LUKU ni nini, kama si utashi?

Msidhani hili ni suala la fedha peke yake. Asiyemudu nguzo hakai gizani milele. Anakwenda kwa jirani, wanakubaliana, unavutwa waya mwembamba wa ndani ya nyumba juu ya vijiti, unakatiza njia ya watoto na kamba za kuanikia nguo. Kipimo cha mita 30 hakikuwekwa kwa kukomoana: waya mrefu huning'inia, upepo huuyumbisha na nguvu ya umeme hupungua njiani. Waya halali wenyewe unataka kushikwa na ndoano imara ukutani au kwenye bomba lisilopinda, usiguse bati, usipitie ndani ya mwembe, na upindwe kwenda chini kidogo kabla ya kuingia ndani ili maji ya mvua yadondoke nje badala ya kufuata waya hadi kwenye mita. Chini kuwe na fimbo ya ethi iliyozama ardhini sawasawa. Waya wa vijiti hauna hata kimoja kati ya hivyo. Ukianguka kwenye bati, nyumba nzima inakuwa mtego.

Na sisi wa ughaibuni tuna sehemu yetu. Nyumba inawekwa vigae na geti la umeme kabla umeme wenyewe haujafika, kisha mtu anapiga simu kutoka Muscat au Houston: "Mdogo wangu, mpe huyo jamaa chochote, nataka Desemba nikute taa." Huyo jamaa ni kishoka. Tunapandisha dau, na mama mjane mwenye fomu halali anazidi kusukumwa nyuma ya foleni. Halafu jioni tunaandika makala kuhusu ufisadi!

Basi mambo matatu. Kwanza, fundi wa wayaringi awe na leseni ya EWURA, na picha ya leseni itumwe kabla ya hela. Pili, malipo ya kuunganishwa yafanyike kwa namba ya malipo iliyotolewa na shirika, si kwenye simu ya mtu binafsi. Tatu, wabunge wetu, ambao kila bajeti ya Nishati husimama kuomba nguzo za majimbo yao, wadai kanuni ya kumrudishia aliyetangulia. Hilo halihitaji mkopo wa nje wala mwekezaji.

Bwawa limejengwa kwa kodi ya Watanzania wote. Haiwezekani mita 30 za mwisho ziwe za mwenye nacho na mwenye mtu wa kumpigia simu.

Nawasilisha.