Punguzo la 25% lilivyonirudisha kwenye hesabu za x

Wafanyabiashara wenzangu, wengi tukishamaliza shule tunasema hesabu za x hazinunui mzigo. Na mimi nilisema hivyo, zikanila.

Nilichukua mikoba 30, kila mmoja sh 16,000 pamoja na usafiri. Nikaongeza 25%, bei ikawa 20,000. Haikutoka, nikaposti punguzo la 25%. Nikajiambia, natoa nilichoongeza, si narudi kwenye mtaji wangu? Ikaisha siku mbili, nikafurahi. Kumbe 25% ya 20,000 ni 5,000, siyo 4,000! Niliuza 15,000. Hasara 1,000 kila mkoba, jumla 30,000, na bando sijahesabu.

Aliyenifungua macho ni mdogo wangu wa kidato cha pili, akifanya homuweki yake ya aljebra. Akaniambia: bei iite x. Ukitoa 25% inabaki 0.75x. Unataka baada ya punguzo upate 18,000? Basi 0.75x = 18,000. Gawa 18,000 kwa 0.75, x = 24,000. Hiyo ndo bei ya kuanzia.

Utasema simu ina kikokotoo. Sawa, ila hakikwambii ugawe au uzidishe. Hilo ni lako.

Kwa hiyo mtoto wa nyumbani akifungua daftari la hesabu, kaa naye, muulize. Yeye akikuelekeza anaelewa zaidi, wewe unaokoa mtaji. Kuuliza si ujinga.

Nani mwingine alishauza kwa hasara huku anashangilia? Tuambiane hapo chini.