Buzuruga: tunawasema akina mama bure

Wadau, pitia stendi ya Buzuruga saa 12 asubuhi. Mtoto anasinzia mgongoni, anapelekwa kituo cha kulelea watoto, kufuatwa ni jioni giza likiingia. Watu wanasema mama wa siku hizi hana uchungu. Jamani! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za uzazi zenye malipo, 100 akijifungua pacha, na hadi masaa 2 kwa siku ya kunyonyesha. Sasa mamalishe wa stendi, au muuza dagaa wa Mwaloni Kirumba, nani anampa hizo siku? Asipobandika sufuria leo, kesho hana mtaji. Tuulize basi kule kituoni mlezi mmoja anashika watoto wangapi. Na baba? Sheria hiyohiyo inamtajia siku 3 tu. Mnasemaje?