Usafi wa Kontena

Siku hizi ukitaka kumsifu kijana aliyebobea katika kompyuta, mwambie kwamba programu zake zote zimo ndani ya kontena. Nakubali kuwa sifa hiyo si ya bure. Tangu Docker ilipotolewa mwaka 2013, imekuwa rahisi kuifungia programu mahali pamoja na vikorokoro vyake vyote, ikafanya kazi bila kugombana na programu nyingine zilizomo katika kompyuta hiyo hiyo. Ikiharibika, hufutwa na kuanzishwa upya kwa muda mfupi. Mradi mwenyewe awe amekumbuka kuziweka kumbukumbu zake katika folda zilizo nje ya kontena. Asipokumbuka, kontena likifutwa zimekwenda nalo.

Ugomvi wangu ni juu ya mzigo unaopitishwa humo.

Iko programu iitwayo Mylar, ambayo wapenzi wa vitabu vya katuni vya Marekani huiendesha ndani ya kontena namna hiyo. Unaitajia mfululizo unaoutaka; yenyewe hutazama orodha ya Comic Vine, ikajua toleo lipi limetoka na lipi huna, halafu hulitafuta, hulipakua, hulibandika jina na kulipanga mahali pake. Haichoki wala hailali. Wanaoitumia huniambia, "Mwalimu, hii ni mpangaji tu." Ni kweli kwa sehemu. Zipo katuni za zamani ambazo haki zake zimekwisha, na aliyenunua faili zake kihalali azipange apendavyo. Lakini tusidanganyane. Toleo lililoingia madukani Marekani Jumatano, likawa katika folda yako usiku huo huo bila senti moja kukutoka mfukoni, limetoka wapi?

Hapo huletwa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba kampuni zenyewe ziliwanyonya waandishi na wachoraji. Walinyonywa, tena sana. Jerry Siegel na Joe Shuster waliuza haki za Superman mwaka 1938 kwa dola 130, mhusika wao akatajirisha watu wengine, na ilifika 1975 ndipo walipokubaliwa pensheni ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja. Sasa wewe unayepakua bure, umempa mchoraji wa leo hizo 130? Anayemhurumia aliyeibiwa hamwibii mara ya pili.

Hoja ya pili ina uzito zaidi, na ningekuwa nasahihisha ningeipa alama za juu: kwamba ukinunua kwa njia ya mtandao huwi mwenye mali. ComiXology ilianza mwaka 2007, Amazon ikainunua mwaka 2014, na kufikia mwisho wa 2023 programu yake ya kusomea ilikuwa imefungwa, wasomaji wakahamishiwa Kindle wapende wasipende. Februari 2025 Amazon ikaondoa na ile njia ya kupakua vitabu ulivyonunua kwenye kompyuta yako na kuvihamisha kwa waya. Mtu amelipa, na bado anakaa kama mpangaji asiye na mkataba! Huyo akitafuta namna ya kuhifadhi alichokilipia, mimi simlaumu hata kidogo. Basi na anunue kitabu cha karatasi, au faili isiyo na kufuli kwa watunzi wanaouza hivyo, aiweke katika kontena lake hata milele. Hasira yake kwa muuzaji haimpi ruhusa ya kuchota na ambayo hakuyalipia.

Tena wengi wao hawasomi. Hilo ndilo linaloniudhi mimi mwalimu kuliko hata wizi wenyewe. Kijana mmoja alinionyesha maelfu ya matoleo yake, yamepangika kwa mwaka na namba, hakuna pengo. Nikamwuliza ni hadithi ipi iliyompendeza zaidi. Akafungua ukurasa wa mipangilio, akaanza kunieleza jinsi majina ya faili yanavyobadilishwa.