Kinamasi kikikauka, bei hupanda sokoni

Mfanyabiashara anayepitisha mzigo Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, huuona Mto Kagera ukipita chini ya daraja na hana habari nao. Akili yake iko kwenye lori, foleni na ushuru. Lakini sehemu ya maji hayo hutoka Rugezi, kinamasi cha milimani kaskazini mwa Rwanda, karibu na Uganda, na yaliyotokea huko yanamhusu mfukoni.

Rugezi hunywa mvua kama sifongo na kuiachia polepole kuelekea Ziwa Burera. Kutoka hapo maji huendesha mitambo ya umeme ya Ntaruka, huingia Ziwa Ruhondo, kisha huendesha ya Mukungwa. Wakulima waliobanwa na uhaba wa ardhi walichimba mitaro wakakausha sehemu za kinamasi. Miteremko nayo ikamomonyoka. Mvua zilipopungua, huku mitambo ikiendelea kuvuta maji, ziwa likashuka. Mwaka 2004 Rwanda iliingia katika mgawo wa umeme, ikakodi majenereta ya dizeli, na kufikia 2006 bei ya umeme ilikuwa imepanda zaidi ya mara mbili. Gharama ya namna hiyo haibaki kwa shirika la umeme. Huingia kwenye unga uliosagwa, geti lililochomelewa na samaki wa kugandishwa.

Serikali ilizuia kilimo ndani ya kinamasi, ikapanda mianzi na majani kuzunguka kingo, na matuta yakachimbwa milimani. Maji yakarudi, mitambo ikarudia kazi, na mwaka 2010 Rwanda ikapewa tuzo ya kimataifa kwa ufufuaji huo.

Mafanikio hayo yana upande wa pili. Aliyenyimwa shamba kinamasini ndiye aliyebeba mzigo, na faida ikaenda kwa kila mwenye swichi ya taa. Mkulima asiye na njia nyingine hurudi na jembe lake usiku.

Hapo ndipo Rusumo inapoingia. Mradi wa umeme wa megawati 80 uliojengwa kwenye maporomoko hayo ni mali ya Burundi, Rwanda na Tanzania kwa pamoja. Hauna bwawa kubwa la kuhifadhi maji, bali hutegemea mtiririko wa mto. Kiangazi, mtiririko huo hushikiliwa na vinamasi vya juu, vya Nyabarongo upande wa Rwanda na Ruvubu upande wa Burundi. Nchi tatu zinagawana umeme, ilhali kila nchi inalinda vinamasi vyake kivyake.

Haki ni sehemu ya mapato ya umeme irudi kwa wakulima wanaoacha vinamasi vipumue. Vyama vya wafanyabiashara vinapokutana na serikali kuhusu vikwazo vya mpakani, ajenda huwa vibali, mizani na ushuru. Vinamasi navyo viwekwe mezani, kabla ya mgawo wa umeme kurudi.